Mimi nahesabu mizunguko, sekunde nawaachia vijana

Swali lenu la wiki hii limenikuta chini ya lori. Mpwa wangu aliinama akanisomea kwenye simu: "Majaribio ya magari ya langalanga (Formula One) kabla ya msimu hayana mshindi, hayana pointi wala kikombe. Shabiki anayeyafuatilia anapata nini?" Akaniambia, "Mjomba, hili ni lako." Ni langu kweli. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, gereji yangu iko Changamwe, na siku hizo chache za majaribio nazingojea kuliko mbio yoyote ya mwaka.

Nianze na jambo dogo linalotufaa sisi wa pwani. Bahrain na Mombasa saa zetu ni moja. Majaribio ya pale Sakhir, uwanja wa Bahrain, huanza saa nne asubuhi, hupumzika saa nane mchana, hurudi saa tisa mpaka saa moja jioni. Mbio za Australia hutukuta asubuhi mapema na za Marekani hutukesheza, lakini majaribio huja mchana kweupe, saa za kazi kwa watu wa kazi. Simu naiegemeza juu ya sanduku la spana, daftari liko kando, na kila dereva ninayemfuata akimaliza mzunguko nampigia kijistari. Magharibi ikishapita nateremka Bondeni kwa muuza kahawa. Vijana wanakuja na sekunde zao, mimi nakuja na vijistari vyangu, na hapo kahawa chungu hunywewa mpaka birika likauke.

Sekunde za majaribio ndizo zinazowafanya watu wadhani hakuna cha kuona. Wanatazama jina lililo juu, kisha msimu ukianza jina lile halipo, wanasema wamedanganywa. Hakuna aliyewadanganya, ila gari moja lina mafuta tele na jingine lina ya kutosha mizunguko mitatu tu. Hesabu inayotumiwa na wengi ni kwamba kila kilo 10 za mafuta hulichelewesha gari kwa kama sehemu tatu za kumi za sekunde kwa mzunguko mmoja. Msimu wa 2025 gari liliruhusiwa kutumia hadi kilo 110 kwenye mbio. Basi lijaze, kisha likaushe, uone: ni sekunde tatu hivi, gari lilelile, dereva yuleyule. Tia na tairi. Pirelli, watengenezaji wa tairi hizo, huzipa namba kuanzia C1, ambayo ni ngumu, kwenda juu kwenye laini, na laini hushika barabara vizuri kwa muda mfupi kisha hufa. Anayekutajia sekunde bila kukutajia mafuta na tairi ni kama anayekutajia bei ya samaki bila kukwambia ni changu au ni papa.

Mwaka 2019 pale Barcelona, Sebastian Vettel wa Ferrari alimaliza majaribio akiwa mbele ya Lewis Hamilton wa Mercedes kwa sehemu tatu za elfu ya sekunde, na kila aliyeketi barazani alisema mwaka ule ni wa Ferrari. Mbio nane za mwanzo wa msimu zote zilichukuliwa na Mercedes. Nyuma zaidi, majaribio ya kabla ya msimu wa 2001, magari ya timu ya Alain Prost yalikuwa yakitoa muda wa kutisha, Jean Alesi akiwa kwenye usukani. Msimu mzima walipata pointi nne, na Januari 2002 timu ikafungwa. Timu inayotafuta mfadhili ina sababu ya kukausha tangi na kuvaa tairi laini, ili jina lake lisomwe gazetini kesho yake. Siwalaumu, mishahara ya watu ilikuwa inategemea.

Sasa nieleze kwa nini nahesabu mizunguko, na hapa lazima niseme habari ya basi.

Miaka kadhaa iliyopita, siku chache kabla ya Idi, tajiri mmoja aliniletea basi la njia ya Lamu, injini imekwisha. Tuliishusha, tukabadilisha pistoni, beringi na gasketi, tukasaga valvu, tukaipandisha usiku wa kuamkia safari. Ilipowaka ilikuwa tamu. Nilimwomba siku moja tu, niipeleke Mazeras na kurudi ikiwa na mzigo, nione itafanya nini ikipanda mlima na jua limeshika. Akasema abiria wamekwishakata tiketi. Nikakubali. Basi lilipita Malindi vizuri, na kabla ya kufika Garsen maji yakachemka, gasketi ikaungua. Watu na watoto wao, na nguo mpya za sikukuu kwenye mabegi, wakakaa kando ya barabara mchana kutwa. Mama mmoja alinipigia simu kwa namba ya dereva. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Baba, gari hili mlilijaribu?"

Tangu siku ile haijatoka gari gerejini kwangu bila kupanda Mazeras. Na tangu siku ile nimeyaelewa majaribio ya langalanga kwa njia nyingine. Injini inayowaka vizuri asubuhi haijakwambia kitu. Ikishapita joto, ikazimwa, ikawashwa tena ikiwa ya moto, ikabebeshwa mzigo, ikarudia kazi ileile mara hamsini bila kubadilika, hapo imesema. Wahenga walisema mapenzi na kikohozi havifichiki, na injini nayo ina kikohozi chake. Timu zinaweza kuficha kasi zikitaka, na zinaficha. Gari lililosimama katikati ya njia mpaka bendera nyekundu ikapepea, hilo halifichiki, wala gari lililokaa ndani ya gereji saa mbili huku mafundi wameweka pazia mbele yake.

Mfano wa wazi ni majaribio ya Jerez, Hispania, mwaka 2014, injini mpya za turbo na haiburidi (petroli na umeme pamoja) zilipoingia. Red Bull, mabingwa wa miaka minne mfululizo, walimaliza mizunguko 21 kwa siku nne. Mercedes walipita 300. Msimu huo Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19. Mwaka uliofuata, Jerez hiyohiyo, McLaren wenye injini mpya ya Honda walimaliza mizunguko 79 kwa siku zote nne. Mwisho wa mwaka walikuwa timu ya tisa. Daftari lilikuwa limekwishasema Februari.

Lakini mpwa wangu hupenda kunikumbusha, na haki yake nampa, kwamba hao Red Bull wa mizunguko 21 walimaliza 2014 wakiwa wa pili, na Daniel Ricciardo akashinda mbio tatu. Vijistari haviwezi kukuonyesha akili ya watu watakaokaa kiwandani usiku kucha kurekebisha. Nimekubali, na kwenye daftari niliacha safu tupu pembeni kwa ajili ya hilo.

Ila raha yangu kubwa haiko hata kwenye hesabu. Iko kwenye kuona vitu ambavyo siku ya mbio huvioni.

Chukua ile rangi ya kijani inayong'aa wanayopaka kwenye mabawa na ubavuni. Wageni hudhani gari limechafuka. Ni rangi nyepesi ya majimaji. Gari likikimbia, upepo unaivuta, inakauka ikiwa imeacha michirizi, na mhandisi anasoma upepo ulipopita na ulipokatika. Kila kijana wa kuziba pancha pale Mikindani anaifanya kazi hii kwa sabuni. Unapaka povu kwenye tairi, hewa usiyoiona inajionyesha kwa kipovu. Tofauti ni bei ya gari. Kuna na zile fremu kubwa za vyuma zenye vimirija vingi, zinafungwa nyuma ya magurudumu kama uzio, kupima hewa inavyokwenda. Siku ya mbio huvikuti hivi vyote. Vinaonekana majaribioni, kwa sababu hapo wahandisi wanauliza swali ambalo hata wao hawajui jibu lake.

Februari 2020, Barcelona, kamera iliyofungwa kwenye gari la Hamilton ilikuwa inaonyesha mikono yake. Kwenye mstari ulionyooka akauvuta usukani kuelekea kifuani kama anayevuta droo, na kabla ya kona akausukuma ukarudi. Usukani huzungushwa, kuvutwa nilikuwa sijauona tangu nizaliwe. Nikamwambia mpwa wangu aiache mikono, atazame magurudumu ya mbele. Usukani ukija, magurudumu yanajinyoosha. Ukirudi, yanafunguka kidogo kwa nje. Nilipiga kelele, wallahi, wateja wakageuka. Kwa sababu hiyo ni alaimenti! Magurudumu ya mbele yakifunguka kwa nje husaidia gari kuingia kona, lakini kwenye mstari tairi linasugua na kupata moto upande wa ndani. Kila mwenye matatu anajua tairi linaloliwa upande mmoja linavyomla mfukoni. Sisi tunachagua kipimo kimoja, tunakaza nati, tunaridhika. Wao walikuwa wamempa dereva alaimenti mkononi. Mercedes waliuita mfumo ule DAS, wakautumia msimu ule, na kuanzia 2021 ukapigwa marufuku. Ulimwengu mzima uliujua kwa sababu watu walikuwa wanatazama majaribio yasiyo na kikombe.

Na 2022, sheria zilipobadilika na sakafu ya gari ikaachiwa tena kuvuta gari chini kwa nguvu ya hewa, tuliona kwenye vipande vya video magari yanarukaruka kwenye mstari, pua juu, pua chini, kichwa cha dereva kinatikisika. Sakafu inavutwa chini, inakaribia lami mno, hewa inakatika, gari linainuka, hewa inarudi, linavutwa tena. Vijana wa kahawa walikuwa wanalitafutia jina. Mzee mmoja aliyewahi kupeleka watalii Kisite akasema, "Si pomboo hao?" Ni pomboo hasa, wanavyokwenda mbele ya mashua pale Wasini. Baadaye tukasikia Wazungu nao wameliita kwa jina la mnyama wa ukoo huohuo. Na timu tajiri zenye mahandaki ya upepo ya mabilioni ya kupimia magari zilishtuka kama sisi. Hilo lilinigusa. Tulikuwa tumekaa darasa moja nao siku ile.

Mniruhusu niseme na habari ya timu ya Brawn, kwa sababu ndiyo iliyonifanya shabiki. Desemba 2008 Honda walitangaza wanajitoa. Wafanyakazi wa timu ile pale Brackley, Uingereza, waliingia mwaka mpya hawajui kama watakuwa na kazi. Ross Brawn, aliyekuwa kiongozi wao, akaichukua timu, wakapata injini ya Mercedes, ikabidi ifungwe kwenye gari lililochorwa kwa ajili ya injini nyingine. Wenzao walikuwa wamejaribu wiki nyingi. Wao walifika Barcelona Machi 2009, zimebaki wiki tatu mbio za kwanza, gari jeupe ambalo karibu halina tangazo la mtu. Na likawa la kwanza kwa kasi. Barazani tukagawanyika. Wengi walisema ni yaleyale ya Prost, wanatafuta mfadhili. Mimi niliangalia kitu kimoja: lilikuwa linairudia kasi ile, mzunguko baada ya mzunguko, na linarudi gereji kwa miguu yake. Jenson Button alishinda mbio sita kati ya saba za mwanzo, na mwisho wa mwaka mataji yote mawili, la dereva na la timu, yakawa yao.

Miaka ya karibuni nafasi imekuwa finyu. Zamani Ferrari walijaribu watakavyo kwenye uwanja wao wa Fiorano, na Luca Badoer, dereva wao wa majaribio, akizunguka mwaka mzima. Mwaka 2025 kila timu ilipewa siku tatu na gari moja, kwa hiyo kila dereva alipata kama siku moja na nusu kabla ya msimu. Hamilton alihamia Ferrari baada ya miaka 12 Mercedes, na siku hizo ndizo alizokuwa nazo za kulijaribu gari jipya. Na hata hizo zikaliwa: siku ya kwanza umeme ulikatika uwanjani, baadaye mvua ikanyesha jangwani.

Siku ya pili, Februari 27, ndiyo nitakayomalizia. Carlos Sainz wa Williams aliweka muda bora wa majaribio yote, dakika 1, sekunde 29.348. Mpwa wangu alikuja mbio: "Mjomba, Williams wako juu!" Nikamwambia vizuri, mwandike. Mimi nilikuwa namfuata Lando Norris wa McLaren. Timu yake ilikuwa imempa mwendo mrefu wa mithili ya mbio nzima, na pale Bahrain mbio ni mizunguko 57. Nilikuwa napiga vijistari huku natazama kasi yake inavyoshuka polepole kadiri tairi zinavyochoka, bila kuruka, bila kuporomoka. Kando ya jina lake niliandika neno moja, "ametulia," nikafunga daftari, na wikendi ile Ramadhani ikaingia.

Desemba, Norris alipokuwa bingwa wa dunia, mpwa wangu alikuja gerejini bila salamu ndefu. Akaomba daftari la Februari, akaketi juu ya tairi la lori, akaufungua ukurasa ule na kuanza kuhesabu vijistari kwa kidole.