Wastani wa mwezi unazaa mwelekeo usiokuwepo

SWALI: Mwalimu, salaam. Nina viwango vya dola kwa shilingi ya Kenya vya kila siku, vya miaka kumi. Kwenye R, lugha ya programu ya takwimu, nimevigeuza kuwa vya mwezi kwa apply.monthly(x, mean) ya kifurushi cha xts. Nilipopima, badiliko la mwezi mmoja linahusiana na la mwezi unaofuata kwa 0.27 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Je, nimepata njia ya kutabiri shilingi?
Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya hiyo 0.27 umeizalisha mwenyewe pale ulipoandika mean, yaani wastani.

Chukua mfano huu. Dola ipande shilingi 2 tarehe 16 Januari, kisha itulie hapo hapo. Nusu ya kwanza ya Januari ina bei ya zamani, nusu ya pili ina bei mpya, kwa hiyo wastani wa Januari unapanda kama shilingi 1. Wastani wa Februari, ambao siku zake zote zina bei mpya, unapanda shilingi 1 nyingine. Tukio lilikuwa moja, la siku moja, lakini jedwali lako linaonyesha miezi miwili ya kupanda mfululizo. Februari hakuna kilichotokea sokoni.

Jambo hili si geni. Mwanauchumi Holbrook Working alilionyesha mwaka 1960: ukichukua bei inayotembea kwa bahati tupu na kuigawa katika vipindi, badiliko la wastani wa kipindi kimoja litahusiana na la kipindi kinachofuata kwa takriban 0.25. Hakikisha mwenyewe:

x <- cumsum(rnorm(20000))
m <- matrix(x, nrow = 20)
acf(diff(colMeans(m)))
acf(diff(m[20, ]))

Kila safu wima ni "mwezi" wa siku 20 za biashara. acf hupima uhusiano wa mabadiliko na yale yaliyotangulia; tazama lag 1, yaani mwezi na unaofuata. Mstari wa tatu utakupa karibu 0.25, na wa nne, unaotumia siku ya mwisho tu, utakupa karibu sifuri. Data ni ile ile. Wastani pia unapunguza varyansi (kipimo cha mtawanyiko) ya mabadiliko hadi kama theluthi mbili, hivyo hatari nayo inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Rudia kazi yako kwa apply.monthly(x, last), inayochukua bei ya siku ya mwisho ya mwezi, kisha diff(log(...)), inayotoa mabadiliko yanayokaribia asilimia. Uhusiano utakaobaki ndio wa kujadiliana na msimamizi wako. Kwa hisa zenye bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, tumia to.monthly: huchukua ya kwanza, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya mwisho, na idadi ya hisa zilizouzwa huijumlisha.

Sisemi wastani hauna kazi. Mhasibu anayebadilisha mapato ya mwaka mzima kutoka dola hutumia kiwango cha wastani, na mali za mizania huzibadilisha kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Yeye anajua anapima nini. Kinachonikera ni watu wanaoandika mean kwa mazoea, halafu wanaita matokeo ugunduzi.

Na wapo wanaoufanya ugunduzi huo biashara. Kila mara naletewa grafu za walimu wa foreksi (biashara ya fedha za kigeni) wa Telegram: mstari laini unaopanda, roboti (programu ya kununua na kuuza yenyewe) inayopatia miezi mingi kuliko inavyokosea, na ada ya kujiunga. Ukifungua hesabu, bei zimewekewa wastani kwanza, kisha roboti "imenunua" kwa wastani wa mwezi. Bei hiyo hainunuliki. Wastani wa Machi haujulikani mpaka Machi iishe, na ukishajulikana bei ya soko iko kwingine. Wengine huziba siku zisizo na biashara kwa na.locf, yaani kurudia bei ya jana, kisha wanajisifu kuwa hisa zao hazitikisiki. Hisa isiyouzwa wiki nzima haiwezi kutikisika kwenye jedwali, lakini siku ukitaka kuiuza utakosa mnunuzi.

Kwa hiyo mtu akikuletea grafu ya namna hii na kukutaka pesa, mwombe faili la bei za kila siku, tarehe kwa tarehe, na msimbo uliozigeuza kuwa za mwezi. Tafuta mean ndani yake, weka last, uendeshe upya kabla hujatoa hata shilingi.