Mwanangu, Ulilipigia Hesabu Deli Tupu

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana.

Unasema programu uliyoiandika chuoni inaonyesha kilo 20 za barafu zitakaa karibu siku tatu kwenye deli, yaani sanduku la kutunzia baridi, lenye ukuta wa povu wa sentimita 5. Mama yako mdogo wa Kilwa Masoko naye, mwenye deli kama hilo, akipakia alfajiri anakuta maji kesho yake jioni. Unaniuliza umwamini nani. Mwamini yeye, lakini programu usiitupe.

Nimezirudia hesabu zako kwa kalamu. Kwa ndani deli lina urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina 40, kwa hiyo kuta zote, pamoja na sakafu na mfuniko, ni mita za mraba 1.28. Upitishaji joto wa povu la polistirini umeuweka wati 0.035 kwa mita kwa kila nyuzi, nje nyuzi 30, ndani sifuri. Joto linaloingia ni wati 27. Kilo moja ya barafu inataka kilojuli 334 ili iyeyuke, basi kwa siku zinakwenda kilo 7. Kanuni ni ile ya Joseph Fourier ya mwaka 1822: zidisha upitishaji kwa eneo na kwa tofauti ya nyuzi, gawa kwa unene wa ukuta. Umeitumia sawasawa.

Samaki wako wapi, mwanangu? Mama yako mdogo hauzi barafu. Anapakia kilo 20 za changu na kolekole, nao wametoka kwenye maji ya nyuzi 28. Kila kilo ya samaki inataka kama kilojuli 3.6 kuipoza kwa nyuzi moja. Zidisha 20 kwa 3.6 kwa 28, unapata kilojuli 2,016. Hizo peke yake ni kilo 6 za barafu, zinazoyeyuka mapema hata kama kuta zisingepitisha joto lolote. Kilo 14 ndizo zinazobaki kupambana na kuta. Hapa ndipo pengo lako kubwa lilipo, na ndipo ningeanza.

La pili ni eneo. Ulihesabu la ndani tu. Ukiongeza unene wa povu kila upande, nje linakuwa 70 kwa 50 kwa 50, yaani mita za mraba 1.9. Joto linaingia kwa eneo kubwa na kutokea kwenye dogo, basi chukua la katikati: zidisha 1.28 kwa 1.9, tafuta kipeuo cha pili, utapata kama 1.56. Kilo 7 za kwa siku zinakuwa 8 na nusu.

Mfuniko nao usiuhesabu kwa hewa kavu. Pwani yetu hii hewa imejaa unyevu, na mvuke ukigusa barafu unageuka maji na kuacha joto lake humo. Hewa yote ya deli tupu ikibadilishwa mara moja inakula kama gramu 25 za barafu, na zaidi ya nusu ya hizo ni kwa sababu ya mvuke. Deli likijaa, hewa ni kidogo zaidi. Lakini mteja anafunua, anachagua, anabonyeza mashavu ya samaki, mfuniko uko wazi muda wote huo. Kilo moja au moja na nusu kwa safari ya namna hiyo hainishangazi. Zitoe kwenye zile 14, gawa kwa 8 na nusu: siku moja na nusu. Kesho yake jioni, kama alivyokwambia.

Uliuliza pia kama kwenye programu uugawe unene wa ukuta vipande 50 vya kuhesabia badala ya 5. Usihangaike. Povu ni jepesi, joto lake linatulia ndani ya saa moja hivi, na wewe unahesabu siku. Vipande vikiwa vyembamba mara kumi, kila hatua yako ya muda itabidi iwe fupi mara mia, kompyuta ichoke bure.

Muda huo upime deli lenyewe. Ile 0.035 ni ya povu jipya na kavu. Deli likipasuka ndani, povu linanyonya maji, na maji hupitisha joto mara nyingi kuliko hewa. Weka barafu tupu kivulini, subiri mpaka ianze kutiririka vizuri, mwaga maji hayo ya mwanzo. Kisha kinga yanayotoka kwenye kizibo kwa saa sita, uyapime kwenye mizani, huku ukiandika joto la nje kila saa. Kwa nyuzi 30 yanatakiwa yafike kama kilo 2. Yakifika 4, povu limelowa, na namba ya deli hilo ni mara mbili ya ile uliyoiandika. Hiyo ndiyo uipe programu.

Nimeshaongea na mama yako mdogo. Kusi ikivuma sana na vyombo visipotoka, deli utaachiwa kutwa nzima. Mizani yake inapima vizuri, ila njoo na kipimajoto chako.

Baba yako