Maswali na Majibu: Shule za Kanisa na Wazazi Wenye Haraka

Matokeo ya darasa la saba yakitoka tu, maswali yanamiminika. Nimechukua haya.

Shule ipi ya Katoliki imeingia kumi bora mwaka huu? (Mzazi, Mbalizi)

Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora mwaka 2023. Naomba swali hili lipumzike.

Sisi ni Wamoravian na binti yetu amepata nafasi kwa masista. Watambatiza? (Mama, Tukuyu)

Hapana, mama. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 748, inakataza kumlazimisha mtu kuipokea imani ya Kikatoliki. Lakini ratiba ya shule ataifuata: sala za asubuhi na jioni, Misa ya Jumapili pamoja na wenzake, ila komunyo hatapokea. Kama hilo linawasumbua nyumbani, zungumzeni na sista mkuu wa shule kabla ya kulipa ada. Msingoje mtoto aripoti ndipo mpeleke malalamiko.

Getini pameandikwa "St." Si ya Katoliki hiyo? (Msomaji, Makambako)

Si lazima. Waanglikana nao wana watakatifu, na watu binafsi wamegundua kwamba jina hilo linavuta wazazi. Kanuni ya 803 haimruhusu yeyote kuiita shule yake "Katoliki" bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa, lakini jina la mtakatifu peke yake halithibitishi kitu. Uliza mmiliki: ni jimbo la askofu, au shirika gani la masista, mabruda au mapadri? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, nenda ofisi ya jimbo ukaulize. Kuna na kinyume chake. Tosamaganga, kule Iringa, ni kazi ya wamisionari, lakini sekondari yake leo ni ya serikali, kwa kuwa shule za madhehebu zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Usiende kwa paroko, yaani padri wa parokia yako, kuomba nafasi huko.

Kijana wangu hataki upadri, ila seminari inafaulisha. Nimwambie aseme anataka? (Baba, Mafinga)

Usithubutu, baba. Unataka mtoto wa miaka kumi na mitatu aanze sekondari kwa kumdanganya padre kwenye usaili, na wewe ndiye unayemfundisha uongo huo. Seminari ndogo, iwe Mafinga, Likonde au Kaengesa, ipo kwa ajili ya vijana Wakatoliki wanaojiuliza kwa dhati kama Mungu anawaita. Ndiyo maana barua ya paroko inadaiwa, na paroko anapaswa kumfahamu kijana, si kukutana naye siku ya kugonga muhuri. Wengi wanaoingia hawafiki kwenye daraja la upadri, na hakuna anayewalaumu. Wamepima wito wao kwa uaminifu wakatoka kuwa walimu, madaktari na baba wazuri. Huyo wako hana cha kupima. Nafasi atakayokaa imeondolewa kwa mtoto wa kijijini aliyetumikia altareni tangu darasa la tatu. Mpeleke shule ya kawaida ya Kanisa, zipo, na usome naye jioni.

Serikali imefuta ada, mbona shule za Kanisa zinatoza? (Msomaji, Njombe)

Elimu bila ada, iliyoanza 2016, ni ya shule za umma. Shule ya Kanisa inalipa walimu wake yenyewe. Ila lipa kwenye akaunti ya shule iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Anayekutumia namba ya simu "akushikie nafasi" ni tapeli, hata akijiita mhasibu wa jimbo.

Mwanangu wa kidato cha tatu ana wastani wa 47, shule ya Kanisa inataka 50, wamesema nimhamishe. Ni haki? (Mama, Iringa)

Soma kwanza ulichosaini siku ya kumpokea, maana wazazi wengi husaini bila kufungua ukurasa wa pili. Kama sharti hilo halimo, omba uamuzi kwa maandishi, upeleke kwa bodi ya shule, kisha kwa afisa elimu.

Hata kama limo, mimi napinga. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, katika tamko lake la elimu la 28 Oktoba 1965, uliwataka wachungaji wahakikishe shule zao zinawajali hasa maskini, wasio na msaada wa familia na wasio na imani. Sioni humo mahali pa kumfukuza mtoto wa kidato cha tatu ili matokeo ya kidato cha nne yapendeze. Alipimwa mlangoni, akapokelewa, ada ikachukuliwa. Alama tatu zilizopungua ni deni la walimu wake pia. Wakuu wa shule mnaosoma hapa, mnajua nawasema akina nani. Na nyinyi wazazi mnaoulizia kumi bora kila Januari, mchujo huu mnaulipia nyinyi.

Mama, usimhamishe kabla bodi haijakujibu.