Zawadi kwa baba asiyetaka kitu

Dada, umesema baba yako anatimiza miaka 70 na kila ukimuuliza anataka nini anajibu, "Sina haja ya kitu, mwanangu." Nakuelewa sana, baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo.

Acha kumuuliza. Mtu wa aina hiyo ukimuuliza unamlazimisha akatae. Mwangalie tu wiki nzima: kitu gani anakitumia kila siku na kimechakaa? Miwani iliyofungwa kwa uzi, redio inayokoroma, viatu vilivyolika kisigino upande mmoja. Wazee wengi hawajinunulii kipya maadamu cha zamani bado kinasukuma siku. Zawadi yako imo humo. Ila usikiondoe kile cha zamani, mwachie aamue mwenyewe. Mimi nilimletea baba redio mpya, nikaigawa ile kuukuu bila kumwambia. Alinyamaza siku mbili, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Usipoona kilichochakaa, tafuta picha zake za ujana zilizoanza kufifia, uzichapishe upya kwa ukubwa anaoweza kuuona vizuri. Kisha kaa naye akutajie kila aliyemo, nawe uandike majina nyuma kwa penseli laini, maana wino huweza kupenya hadi mbele. Hiyo ndiyo ningeichagua mimi, hata kama redio yake imekufa kabisa.

Manukato na nguo ningeviacha. Pesa nazo, kwa mzee kama huyo, zitaishia kwa wajukuu siku hiyo hiyo.