Njia za vumbi Mtwara na Lindi kwa baiskeli: ulizia udongo kwanza, kilometa baadaye

Watu wanaotaka kuanza kuzurura na baiskeli huku kusini swali lao la kwanza ni "hiyo njia kilometa ngapi?" na mimi huwa nawarudishia swali, udongo gani? Maana kilometa 40 za udongo mwekundu uliokauka kule juu kwenye uwanda wa Makonde unaweza ukazimaliza kabla jua halijawa kali, halafu kilometa sita tu za mchanga wa pwani zikakutoa roho, unashuka unasukuma, unapanda, unashuka tena, watoto wa kijiji wanakukimbilia wanacheka na wanakupita kwa miguu. Kwa hiyo mimi njia nazipanga kwa udongo, na kwa mtu mwenyewe ameshazoea kiasi gani.

Habari ya baiskeli tuimalize haraka. Zile za changarawe zenyewe, zenye usukani uliopinda kama za mashindano na tairi nene, huku ni chache, zinaingia mojamoja na mtumba. Huzihitaji. Baiskeli ya gia ya inchi 26 yenye breki nzima inatosha kabisa, angalia tu tairi zisiwe nyembamba, upana wa milimita 40 kwenda juu. Hata Phoenix, ile baiskeli nzito ya mizigo, inafika kila ninapopataja hapa, wabeba mkaa wanafika nazo na magunia juu na hawana hata gia moja.

Kitu kinachosahaulika ni upepo wa tairi. Fundi wa mtaani atakujazia mpaka tairi iwe jiwe, na kwa lami sawa, ila kwenye mchanga tairi ngumu inazama. Toa upepo kidogo mpaka ukibonyeza kwa dole gumba inaitika, ukirudi kwenye kokoto na mawe unajaza tena, la sivyo tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu unapata pancha ya matundu mawili. Ina maana pampu ndogo unatembea nayo, na viraka, solusheni, na tyubu moja ya akiba. Mbigili za huku hazina utani.

Anayeanza kabisa aanzie Mikindani. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilometa 10 na kidogo, lami, bahari iko upande wako, na ukifika pale kuna Boma la Wajerumani la 1895 na mji wenyewe wa zamani ambao Livingstone alipitia 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Ila usiishie kupiga picha. Nyuma ya mji kuna vilima na vijia vinavyopanda kwenye minazi na mikorosho, vifupi, vigumu kidogo, na hapo ndipo unapojifunza kubadili gia kabla ya mlima na sio katikati ya mlima, unajifunza kukaa nyuma ya siti ukishuka. Ukichoka, lami iko hapo hapo chini, unarudi nyumbani.

Kwa upande wa Lindi mwenzake ni Kitunda. Kutoka Lindi mjini unavuka na kivuko na baiskeli yako, ng'ambo magari ni machache, njia ni za minazi na mashamba, mtu anaweza kwenda na mtoto wake. Mimi ningeipendekeza kuliko Mikindani kwa mwenye woga wa malori. Mchanga upo ila sio wa kutisha.

Ukishazoea, nenda Msimbati. Ni kilometa 40 na ushee kutoka Mtwara kwa njia ya Madimba, kule kwenye mitambo ya gesi, na ukiangalia ramani utasema hii rahisi maana ni tambarare. Hapo ndipo watu wanapodanganyika! Kadiri unavyosogea baharini mchanga unazidi, na mchanga una ufundi wake: gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kukanyaga kwa nguvu, mikono ilegee, usiukamate usukani kama unagombana nao, na usikate kona ghafla. Cha muhimu kuliko vyote tafuta ule mstari mwembamba pembeni ya barabara ambao baiskeli za mizigo zimeushindilia. Gari na bodaboda wanachimba katikati, baiskeli ya mkaa inapita ukingoni palipo pagumu. Fuata huo mstari hata kama unazunguka miti. Na saa ya kuondoka ni alfajiri, sio kwa ajili ya jua peke yake. Kuanzia Aprili mpaka kama Septemba kusi inavuma, na Msimbati iko kusini mashariki ya mji, kwa hiyo unapokwenda upepo unao usoni. Asubuhi na mapema unakuwa haujachangamka, mchana ukirudi unakusukuma mgongoni. Ukiondoka saa nne umejinyima raha zote mbili. Kule ni ndani ya hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, kwa hiyo weka hela ya kiingilio tayari.

Sasa uwanda wa Makonde, hii ndiyo naipenda mimi. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala mpaka Masasi yote ni kilometa 210, kipande cha kwanza cha 50 mpaka Mnivata ni lami na mbele lami inaendelea kujengwa, kwa hiyo barabara kuu inazidi kuwa ya magari. Utamu uko kwenye njia za pembeni, zile zinazounganisha kijiji na kijiji katikati ya mikorosho, udongo mwekundu mgumu, kivuli muda wote, unazunguka siku nzima. Newala kwenyewe simama Shimo la Mungu uone ukingo wa uwanda unavyokatika na bonde la Ruvuma lote chini, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Ila uwandani maji ya juu hakuna, mvua ikinyesha inazama ardhini yote, na zamani kina mama walikuwa wanashuka mpaka mabondeni kuchota. Beba lita tatu angalau na usione aibu kununua. Kuomba maji ya bure kwa bibi wa watu aliyeyanunua kwa ndoo sio ustaarabu. Na msimu una mambo yake. Kuanzia katikati ya mwaka wakulima wanapuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, na wanapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, yaani saa ile ile unayopita wewe, kwa hiyo miwani na kitambaa cha puani sio urembo. Kuanzia Oktoba ni mavuno. Bibo, lile tunda la mkorosho, ukikaribishwa kula, maji yake yakidondokea jezi doa halitoki, na korosho yenyewe uache chini ya mti wa mwenyewe, watu wameshaulizwa maswali magumu kwa korosho tatu mfukoni.

Kushuka kutoka uwandani mpaka bonde la Ruvuma ni kwa waliokomaa tu. Mteremko mkali, mawe yanaviringika, breki zikipata moto zinalegea, simama njiani zipoe. Bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, kiangazi umepasukapasuka, masika usiuguse, unajaa kwenye fremu mpaka tairi haizunguki. Na ni mpakani. Tangu kijiji cha Kitaya kivamiwe na wapiganaji kutoka Msumbiji Oktoba 2020 watu wako macho, mgeni na baiskeli ya ajabu na begi mgongoni ataulizwa. Beba kitambulisho, pita ofisi ya kijiji, salimia, jieleze unatoka wapi na unalala wapi.

Uwanda wa Rondo ukitokea upande wa Mtama nao ni wa kupanda kweli, juu kuna baridi na msitu wa hifadhi, yule komba mdogo wa Rondo anaishi humo. Mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza, ahirisha. Tendaguru, walikochimba mifupa ya dinosaria 1909 hadi 1913, wengi wanaitamani, ila njia ni mbovu na ni mbali na mifupa yenyewe iko Berlin, nenda kama unapenda njia na sio kama unafuata makumbusho. Liwale nimeiacha makusudi, huko ni jirani na hifadhi na mimi kukutana na tembo nikiwa juu ya baiskeli hapana.

Kuhusu kuuliza njia: ukimuuliza bodaboda ni mbali kiasi gani atakwambia "hapo mbele tu". Muulize gari ndogo inapita? Akisema inapita, na wewe unapita. Akicheka, jiandae kusukuma.

Kurudi, sio lazima urudi na miguu yako. Mabasi na Coaster wanabeba baiskeli, elewana bei na konda kabla haijapanda juu, toa tairi la mbele mwenyewe, na upande wa cheni uangalie juu, usilaliwe na magunia.