Vipeperushi 2,000, wateja watatu

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la kushona sare za shule na mapazia Kihonda, Morogoro. Mwezi wa tatu nilichapisha vipeperushi 2,000, vijana wawili wakavigawa stendi ya Msamvu kutwa nzima. Uchapaji na posho vilinila shilingi 240,000, wakaja wateja watatu. Mchapaji anasema idadi ilikuwa ndogo, nichape 10,000. Kuna kaka mwingine wa promosheni anasema gari lake la spika litanifikishia "watu 50,000" kwa wiki moja. Nifuate la nani?

JIBU: La yeyote kati yao usifuate, dada. Swali hili naletewa kila mara, mitaa tu ndiyo hubadilika: tangazo halikuzaa, na aliyeliuza ndiye anayeshauri liongezwe. Ni kama mganga anayeona kikombe cha dawa hakijakutibu, akakuagizia ndoo.

Fanya hesabu yako mwenyewe. 240,000 kwa wateja watatu ni shilingi 80,000 kila kichwa. Sare ya mtoto mmoja inakuachia faida gani baada ya kitambaa na fundi? Ukichapa 10,000 na kuvigawa vilevile, hasara itakuwa ileile, ila mara tano.

Tatizo lako halikuwa idadi, lilikuwa mahali na wakati. Kwanza, Msamvu ni stendi ya mabasi ya mikoani. Wengi waliovipokea walikuwa safarini kwenda Dodoma, Iringa au Dar; vipeperushi vyako vingine nahisi vimeishia kufungia karanga Gairo. Pili, mwezi wa tatu mzazi ameshanunua sare. Hukumbuka sare Desemba, na wiki za mwanzo za Januari anakuwa na orodha ya mahitaji ya shule mkononi na haraka kichwani. Huo ndio msimu wako. Mapazia yana wakati wake: kabla ya Idi na Krismasi, na pale mtu anapohamia nyumba mpya. Kihonda nyumba zinajengwa kila siku. Fundi wa madirisha ya alumini anamjua mwenye nyumba kabla yako. Mwachie vipeperushi ishirini, mkubaliane kamisheni.

Imani inayonichosha kuliko zote ni hii ya kwamba tangazo ni wingi wa watu. Mtu akiliona jina lako mara moja, amelisahau kabla hajavuka barabara. Akiliona mlangoni kwako, kwenye mfuko aliobeba jirani, na kwenye karatasi aliyokuja nayo mtoto kutoka shule, ndipo siku ya shida anakukumbuka. Afadhali familia 300 za mitaa inayokuzunguka, uzirudie, kuliko stendi nzima mara moja. Karatasi 150 za A4 zikikatwa kati zinakupa A5 300. Hapo hata rimu moja hujaimaliza.

Ndani ya karatasi sema jambo moja. "Tunashona nguo za aina zote kwa bei nafuu" haimwambii mtu kitu, na kila fundi ameiandika. Andika majina ya shule ambazo sare zake unazo, siku ngapi mtu anasubiri, na alama anayoijua kila mtu karibu na duka. Namba ya simu moja. Kisha tia kijialama pembeni, M kwa karatasi utakazogawa msikitini, S kwa za sokoni, na mteja akija na karatasi apunguziwe kidogo. Baada ya mwezi daftari litakuambia kipi kinalipa, wala hutamhitaji mtu wa promosheni akuambie.

Maana hao waganga njaa wamezidi. "Utafikia watu 50,000" ni maneno yasiyokamatika: gari limepita watu wamelala, wengine wameziba masikio, wote wamehesabiwa. Wa redio za mikoani wapo pia, wanakuuzia "matangazo 30" halafu 20 yanasomwa usiku wa manane. Dai ratiba yenye saa kabla hujalipa, kisha sikiliza mwenyewe. Wa vibao naye atakuchorea maua, picha ya cherehani na herufi za dhahabu juu ya nyeupe. Bodaboda kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa anakata karibu mita 14 kila sekunde, atasoma nini? Kimo cha herufi kiwe sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, nyeusi juu ya njano, maneno matatu au manne.

Mchoraji huyo akikushauri usimamishe kibao kando ya barabara ya Dodoma, kataa. Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, wakija kung'oa, mchoraji hutamwona. Hata kibao cha ukutani, pitia kwanza ofisi ya manispaa uulize ada. Na hao wa magari ya spika, kibali chao kione kwa macho kabla ya kutoa hata senti: gari likikamatwa, jina lililokuwa likitangazwa ni la duka lako.