Waulize Walezi: Choo cha usiku, saumu ya mgonjwa wa sukari na redio ya jirani

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinahusu wazee wanaoishi makazini. Tumeanza na ile iliyohitaji nafasi kubwa.

Mama yangu ana miaka 78 na anaishi kwenye makazi ya wazee hapa Tanga. Mchana anatembea vizuri na mkongojo wake, lakini ameshaanguka mara tatu, zote usiku akienda chooni. Wahudumu wanasema ni uzee tu. Ni kweli? (Binti, Chumbageni)

Si kweli, dada. Uzee hauchagui saa. Kama mchana yuko imara na usiku anaanguka, basi kuna kitu cha usiku kinachomwangusha, na mara nyingi ni zaidi ya kimoja.

Anza na dawa. Uliza anakunywa saa ngapi dawa zake za presha. Kama mojawapo ni ya kutoa maji mwilini (wengi wanaijua kwa jina la Lasix), ikinywewa jioni itamwamsha usiku kucha. Kwa kawaida hunywewa asubuhi. Msibadilishe saa wenyewe, mwambieni daktari. Halafu ombeni apimwe presha akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama: mara moja baada ya dakika moja, mara ya pili baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo mmepata chanzo cha kizunguzungu. Mzee akipimwa ameketi tu, kama ilivyo kawaida, jambo hili halionekani kabisa.

Kuinuka nako kuna utaratibu wake. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono mpaka aketi ukingoni, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kumi, ndipo asimame, na asipige hatua kabla ya kuhesabu mpaka kumi. Mkojo ukiwa umembana hatakumbuka hata moja kati ya hayo, kwa hiyo wekeni kiti cha choo chenye ndoo na mfuniko kando ya kitanda, upande ule ule anaoshukia.

Angalieni kitanda. Akiketi ukingoni, nyayo zote mbili zikae sakafuni na magoti yawe usawa wa nyonga. Kwa wanawake wengi hiyo ni sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, likipimwa akiwa amelikalia. Makazi yakipewa magodoro manene ya msaada na kuyatandika juu ya vitanda vya zamani, mzee hubaki ananing'iniza miguu kama mtoto juu ya ukuta. Fundi akate miguu ya kitanda. Ni kazi ya nusu saa.

Na chandarua. Hiki husahaulika kila mahali. Pindo likiachwa linaburuta sakafuni, mzee hulikanyaga gizani na hatua ya kwanza tu ni ya kuanguka. Pindo lichomekwe chini ya godoro pande zote. Akitaka kushuka avute upande mmoja na kuutupia juu ya kitanda. Dera pia liishie juu ya vifundo vya miguu. Lililo refu lipigwe upindo. Kandambili za kuchomeka kidole ziwe za kuogea tu. Usiku avae viatu vinavyoshika kisigino.

Sasa choo chenyewe. Kile cha kuchuchumaa hakimfai mtu wa miaka 78 mwenye magoti mabovu. Seremala anaweza kutengeneza kiti kilichotobolewa katikati, kimo sentimita 45, miguu minne iliyopanuka kidogo na yenye raba chini, kikakaa juu ya tundu. Pembeni kuwe na chuma cha kushikia, unene wa sentimita 3 hadi 4 ili kiganja kikizunguke. Hapa ndipo kazi nyingi za Tanga huharibika. Majengo ya zamani yana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na skrubu yenye plagi ya plastiki haishiki humo: inashika wiki chache, kisha mzee anavuta na chuma kinatoka na kipande cha ukuta. Ama boliti ipite ukuta mzima na kufungwa upande wa pili kwa bamba la chuma, ama nguzo isimikwe sakafuni kwa zege. Kipakwe rangi mara kwa mara, kwa sababu hewa ya chumvi inakula chuma kwa ndani, chini ya rangi, ambako hakionekani. Kabla ya kumruhusu mama akitumie, mtu mzima mwenye uzito wake akining'inie.

Mkongojo upimwe akiwa amevaa viatu na mikono inaning'inia: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aushike kwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Wengi hufanya kinyume chake, na hata ndugu huwafundisha hivyo. Raba ya chini ikiisha meno, nunueni nyingine.

Akianguka tena, msikimbilie kumnyanyua. Kama mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, au analalamikia kinena, aachwe alipo, afunikwe, na gari litafutwe la kumpeleka hospitali ya Bombo akiwa amelala.

Baba ana kisukari na Ramadhani iliyopita alifunga siku zote huko makazini kwa sababu "wenzake wote wanafunga". Inakaribia tena. Tumzuie? (Mtoto wa Makorora)

Kumzuia kwa nguvu hakusaidii. Atafunga na kuficha. Mpelekeni kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, mkiwa na dawa zake zote mkononi. Jambo kubwa ni aina ya dawa. Insulini na glibenklamidi hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na mzee anayezitumia yuko kwenye hatari kubwa. Figo zikiwa zimechoka, zaidi. Metformini peke yake ni nafuu kidogo, lakini saa na vipimo vya dozi apange daktari.

Daktari akimruhusu, wahudumu wampime kabla ya daku, saa sita mchana, alasiri na saa mbili baada ya kufuturu, na wakati wowote akijisikia vibaya. Sukari chini ya 3.9 au juu ya 16.7 (kwa mashine za namba kubwa ni 70 na 300) afungue saumu hapo hapo, hata kama imebaki robo saa. Jasho jingi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka: msisubiri mashine, mpeni maji ya sukari, ila aliyezimia asinyweshwe kitu. Wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kupimia halivunji saumu. Imamu akimwambia mwenyewe atakubali upesi kuliko akiambiwa na nesi.

Futari yetu ya pwani ni mtihani mwingine: muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi za sukari na uji, vyote wanga, vyote saa moja. Achague kimoja cha wanga, kipande cha ukubwa wa ngumi, aongeze samaki na mchicha, tende moja hadi tatu. Daku aile mwisho kabisa wa muda wake. Kula saa nne za usiku na kuiita daku ndiko kunakowaangusha watu alasiri.

Asiporuhusiwa, na ugonjwa hautarajiwi kupona, sheria ina fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, kama wanavyofuata Mashafii wa huku kwetu. Muache akipime na kukitoa kwa mkono wake mwenyewe. Na aalikwe jamvini saa ya kufuturu, pamoja na wazee Wakristo, ambao katika makazi mengi huketi nao pia.

Jirani yetu Pongwe ni mzee aliyekuja zamani kukata mkonge. Hana mke wala mtoto, na nguvu zimekwisha. Anapelekwaje kwenye makazi ya serikali?

Wengi walio kwenye makazi ya mkoa huu wana historia kama yake. Hapa jijini yapo ya Mwanzange. Nendeni kwanza serikali ya mtaa mpate barua inayoeleza kwamba hana wa kumtunza, kisha kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye atakuja kumwona alipo kabla ya kuandika mapendekezo. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Asipokuwa na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura husaidia. Wakati mnasubiri, ulizeni hapo hapo kuhusu kitambulisho cha matibabu bila malipo. Na mwulizeni yeye kama anataka kwenda. Wapo wanaoona afadhali njaa nyumbani.

Mzee tunayekaa naye chumba kimoja anafungulia redio mpaka madirisha yanalia, hasa Coastal Union ikicheza. Mimi ni wa African Sports. (Mzee, jina limehifadhiwa)

Shikamoo mzee wetu. Ushabiki hatuna dawa yake. Sauti tunayo: huenda jirani yako hasikii kwa sababu ya nta masikioni, jambo la kawaida mno kwa wazee. Matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni yaliyo na joto la mwili, jioni, siku tatu hadi tano, kisha kliniki wamsafishe. Kama sikio linatoa usaha au liliwahi kutoboka, asitiwe kitu. Vijiti vya pamba vinasukuma nta ndani zaidi. Akiendelea kutosikia, redio ihamie barazani kwenye bao.

Kikundi chetu cha vikoba tunataka kuwatembelea wazee Oktoba mosi. Tupeleke nini?

Siku hiyo ya Wazee Duniani kila mtu huenda, na wazee hula pilau mara tatu kwa siku moja. Nendeni Februari. Mpigieni msimamizi kwanza awaambie kilichopungua. Mara nyingi ni sabuni ya unga, dawa ya kusafishia sakafu, mafuta ya kupaka, betri za redio na pampasi za wakubwa, ambazo hununuliwa kwa kipimo cha kiuno, kwa hiyo ulizeni vipimo kabla ya kwenda dukani. Sukari na soda punguzeni.

Mkitaka kufanya kazi, fueni vyandarua kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, bila jiki, na mvianike kivulini, maana jua kali huua dawa. Kukata kucha ni msaada mkubwa, ila za miguu za wenye kisukari waachieni wauguzi, na wembe ubaki nyumbani.